Mtaro Kwanza, Rangi Baadaye

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia magonjwa na dawa zake. Mwezi huu tunaomba tuzungumzie kuta. Huenda ukajiuliza wauguzi wana nini na kuta za watu, maana hiyo ni kazi ya fundi mwashi. Jibu letu ni fupi. Nyumba ikilowa, wanaokaa ndani yake huugua, na wa kwanza kuugua ni watoto wadogo na wazee. Kila masika wodi ya watoto hujaa wagonjwa wa vifua. Wengi tunawaruhusu wakiwa wamepona, kisha wanarudi kulala kando ya ukuta ule ule wenye maji. Dawa ya ukuta huo mara nyingi ni jembe, na jembe kila nyumba inalo.

Maji ya paa ni mengi kuliko tunavyodhani

Sisi tunaokaa Bukoba na vijiji vya kando ya ziwa hatuhitaji kufundishwa mvua ni nini. Mji wa Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya mvua inayonyesha Dodoma. Lakini wachache wetu tumewahi kukaa chini na kupiga hesabu ya maji hayo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huwa lita moja ya maji. Chukua nyumba ya kawaida yenye paa la mita 10 kwa 6, yaani mita 60 za mraba. Mvua nzito ya milimita 20, ambayo huku kwetu yaweza kunyesha katika asubuhi moja, huangusha juu ya paa hilo lita 1,200. Hayo ni mapipa sita ya lita 200. Kwa mwaka mzima ni lita 120,000, yaani mapipa 600.

Sasa tujiulize: mapipa hayo 600 yanamwagikia wapi? Katika nyumba nyingi tunazozitembelea yanamwagikia chini ya ukuta, sentimita chache tu kutoka kwenye msingi. Yanachimba kijito pale pale, yanarusha matope ukutani, na mengine yanazama ardhini na kuingia ndani polepole. Ukitazama kwa nje utaona mstari mwekundu wa matope kuzunguka nyumba yote, wenye kimo cha mguu au zaidi. Mstari huo ni alama ya ugonjwa wa nyumba.

Babu zetu walilielewa jambo hili. Nyasi za msonge zilishuka mpaka karibu na ardhi, wala mvua haikuugusa ukuta. Tulipohamia nyumba za pembe nne tulipata faida nyingi: madirisha, vyumba, na paa lisiloshika moto upesi. Lakini upenu ulikatwa mfupi ili kuokoa bati, na ukuta wa udongo ukabaki wazi. Bati hukusanya maji yote na kuyaangusha mahali pamoja kwa nguvu. Anayejenga kwa bati bila kuyapangia maji njia amefanya nusu ya kazi.

Maji yana milango mitatu

Kabla ya kutibu ni lazima kupima. Maji huingia katika nyumba kwa milango mitatu, na kila mlango una dalili zake.

Mlango wa kwanza ni juu. Msumari uliopigwa bila mpira, bati lililoliwa na kutu, au kofia ya paa iliyofunguka, vyote hupitisha maji. Dalili yake ni doa la kahawia kwenye dari au mchirizi unaoanzia juu ya ukuta kushuka chini. Maji haya hutembea juu ya mbao za kenchi kabla ya kudondoka, kwa hiyo tundu laweza kuwa mbali na doa. Tangu tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, nyumba nyingi za mkoa wetu zilipata pia nyufa, na ufa usiozibwa ni mlango kwa mvua inayopigwa na upepo.

Mlango wa pili ni chini. Udongo, tofali mbichi na hata tofali za kuchoma hunyonya maji kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Maji yaliyo ardhini hupanda ndani ya ukuta hadi kufikia usawa wa kiuno. Dalili zake ni lipu inayovimba na kumomonyoka sehemu ya chini tu, rangi inayobanduka, na unga mweupe wa chumvi ambao hufutwa leo na kurudi kesho. Huu ndio mlango tunaoukuta katika nyumba nyingi zaidi, nao hausikiki kwa sababu haudondoki.

Mlango wa tatu ni ndani. Watu wanapolala huvuta na kutoa hewa yenye unyevu. Tukipika ndani, au tukianika nguo chumbani kwa sababu nje kunanyesha, tunaongeza mvuke. Usiku bati likipoa, mvuke hugeuka matone na kudondoka, na watu husema bati linavuja hali ni zima. Nyumba mpya za mjini zenye madirisha ya vioo yaliyofungwa mchana na usiku nazo hupata shida hiyo hiyo katika pembe na nyuma ya kabati.

Ukishindwa kutofautisha mlango wa pili na wa tatu, fanya jaribio hili. Kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa. Bandika kipande cha nailoni chenye ukubwa wa sahani, ukizibe pande zote kwa gundi ya karatasi, kisha ukiache siku mbili. Matone yakionekana kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakionekana juu ya nailoni upande wa chumbani, maji yanatoka katika hewa ya chumba.

Unyevu unaleta ugonjwa gani?

Tuseme wazi ili tusieleweke vibaya. Nimonia huletwa na vijidudu, wala ukuta peke yake hauwezi kuizaa. Lakini chumba chenye unyevu huota ukungu. Ule weusi tunaouona katika pembe za kuta ni kuvu hai, na mbegu zake huruka hewani na kuingia vifuani mwetu kila tunapopumua. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani. Mwongozo huo ulieleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo hupata zaidi kikohozi, kifua kubana, maambukizo ya njia ya hewa na pumu. Ongeza moshi wa kuni na watoto wanne katika kitanda kimoja, na kifua cha mtoto hakipati nafasi ya kupona.

Jambo hili si dogo. Kwa takwimu za Shirika hilo hilo, nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka mitano duniani mwaka 2019. Chanjo zipo, na mojawapo hutolewa kliniki mtoto anapotimiza wiki 6, 10 na 14. Mama usiikose hata moja. Lakini chanjo haikaushi ukuta.

Kuna na madhara mengine. Gunia la mahindi lililoegemezwa kwenye ukuta wenye maji huota kuvu, na aina fulani za kuvu huzaa sumukuvu inayoharibu ini, wala kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi yanapoota ukungu, usiyapeleke mashine kwa kuwa "unga hauonyeshi". Na madimbwi yanayobaki kando ya msingi hulea mbu karibu kabisa na vitanda vyetu.

Halafu kuna ukuta wenyewe. Ukuta wa udongo ulioliwa chini huanguka, na mara nyingi huanguka usiku wakati wa mvua, watu wakiwa wamelala. Katika mvua kubwa za msimu wa 2023 na 2024, Waziri Mkuu alilieleza Bunge tarehe 25 Aprili 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kwa mafuriko na maporomoko, na zaidi ya nyumba 10,000 zilikuwa zimepata madhara.

Sebule na chumba cha nyuma

Hapa ndipo tunapotaka kusema jambo ambalo huenda halitampendeza kila mtu. Tunapotembelea kaya tunapokelewa sebuleni. Sebule nyingi siku hizi ni nzuri: sakafu ya marumaru, dari ya jipsamu, rangi mpya, makochi yenye vitambaa. Tunapoomba kuona mahali anapolala mgonjwa wetu, tunapelekwa chumba cha nyuma. Huko lipu imeanguka, pembe ni nyeusi, dirisha limezibwa kwa gunia, na godoro limelala sakafuni likigusa ukuta. Mgeni anayekaa saa moja amepewa chumba kikavu, na mtoto anayelala saa kumi kila usiku amepewa chumba chenye maji.

Katika masika moja tulimpokea mtoto wa miaka mitatu mara tatu, kila mara kwa kifua. Aliletwa na bibi yake anayemlea. Mara ya tatu muuguzi mmoja wetu alimwuliza, "Shikamoo bibi. Samahani, huyu mjukuu analala wapi?" Bibi akajibu, "Marahaba mwanangu. Analala kule nyuma, kwenye chumba cha magunia. Kuna ubaridi kidogo, lakini tumepaka rangi juzi." Rangi ilikuwa mpya kweli. Chini yake ukuta ulikuwa laini kama ugali. Vijana wa jirani walichimba mtaro nyuma ya nyumba kwa siku mbili, wakakata migomba miwili iliyokuwa imekumbatia ukuta, na mtoto akahamishiwa sebuleni mpaka kiangazi. Hatusemi mtaro ulimponya, kwa maana dawa alipata. Tunasema kwamba vuli iliyofuata hatukumwona wodini, na bibi huyo hakutumia senti moja kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Rangi juu ya ukuta wenye maji ni fedha iliyotupwa, tena huficha ugonjwa. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo unaolowa ni mbaya zaidi, kwa sababu hufungia maji ndani, ukuta ukaoza huku uso wake unang'aa. Akina baba, kabla ya kununua ndoo ya rangi au geti la chuma, zungukeni nyumba siku ya mvua mkaone maji yanaelekea wapi. Na chumba cha watoto kitangulie sebule.

Tunasema pia na wenye nyumba za kupangisha mjini. Kupaka rangi mpangaji anapohama, ili anayekuja asione ukungu, ni kumwuzia mtu ugonjwa kwa kodi ya kila mwezi. Mpangaji ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa: mvua ikinyesha, ukuta huu unakuwaje?

Wapo watakaosema, "Hatuna fedha." Tunawaelewa. Ndiyo maana orodha inayofuata inaanza na kazi zisizohitaji fedha.

Yafaa kufanya nini?

Kwanza, ondoa udongo. Majivu na takataka tunazofagia kila siku hulundikana kando ya ukuta mpaka ardhi ya nje inakuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Chimba uishushe, msingi uonekane tena. Ardhi iteremke kutoka ukutani kuelekea nje.

Pili, chimba mtaro pale matone ya paa yanapoangukia. Uwe na mteremko wa sentimita 10 hadi 20 kwa kila mita 10, ili maji yasisimame. Uelekeze kibanjani: migomba inayataka maji, ukuta hauyataki. Usiuelekeze kwa jirani, maana utakuwa umehamisha ugonjwa tu. Ukipata mawe au kokoto, zitandaze chini ya upenu ili matone yasirushe matope.

Tatu, rudisha migomba nyuma. Migomba iliyobanana na nyumba huzuia jua na upepo, na matandazo yake hushika maji. Iache hatua tatu au nne kutoka ukutani.

Nne, panda juu ya paa wakati wa jua. Badili misumari isiyo na mpira, ziba matundu kwa lami, kaza kofia. Ukiezeka upya, upenu utokeze angalau sentimita 60, hasa kama ukuta ni wa udongo.

Tano, weka gata. La bati lililokunjwa na fundi ni zuri, lakini hata mianzi iliyopasuliwa husaidia. Maji yaingie kwenye pipa au tangi lenye mfuniko, mbu wasizae humo, na ziada iende mtaroni. Gata lililoziba kwa majani ni baya kuliko kutokuwa na gata, kwa sababu hufurikia ukutani. Lisafishe kabla ya kila msimu wa mvua.

Sita, kausha chumba. Fungua madirisha kila mvua inapokatika. Sogeza vitanda na magunia mbali na ukuta kwa kiasi cha kiganja, na magunia yakae juu ya vichanja vya mbao. Anika godoro juani. Ukungu uoshe kwa maji ya sabuni huku umefunga kitambaa puani na mdomoni. Usiufagie ukiwa mkavu, maana utautawanya. Mwenye pumu asifanye kazi hiyo.

Saba, ukuta uliolowa kwa miaka huchukua miezi kukauka. Bandua lipu iliyooza, chimba mtaro, kisha subiri kiangazi chote cha Juni mpaka Agosti kabla ya kupiga lipu mpya au rangi. Na anayejenga sasa ainue msingi sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi, atandike nailoni nzito juu ya msingi kwa upana wake wote kabla ya tofali la kwanza. Nailoni hiyo ni gharama ndogo katika nyumba nzima, na baada ya ukuta kusimama huwezi tena kuiweka kwa urahisi.

Mambo ya hatari

Usikaushe chumba kwa jiko la mkaa huku milango imefungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia, na asiamke. Jiko libaki nje usiku, hata kukiwa na baridi.

Maji yakifika kwenye soketi au swichi, zima umeme kwenye swichi kuu ukiwa umesimama mahali pakavu, umwite fundi. Usiguse ukuta huo kwa mkono.

Ukuta ukivimba kama tumbo, ukipata ufa mpya unaopanuka, mlango ukikataa ghafla kufungika, au ukisikia vipande vinaanguka usiku, toeni watoto na wazee mara moja. Lalaneni kwa jirani. Vyombo vitafuatwa asubuhi.

Mlete mtoto hospitali bila kusubiri iwapo anapumua haraka. Mhesabu akiwa ametulia, kwa dakika moja kamili. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi asitimize mwaka, 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi miaka mitano, 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, au midomo ikiwa na rangi ya bluu, hilo ni jambo la dharura, iwe mchana au usiku.

Kabla ya mvua zijazo

Vuli huanza Oktoba na masika huanza Machi, na kabla ya kila msimu tunao muda wa kutosha wa kuchimba mtaro. Wapo wasioweza kuchimba wenyewe: wajane, wagonjwa, mabibi wanaolea wajukuu. Majirani kumi wenye majembe humaliza nyumba moja kwa asubuhi moja, na katika jumuiya zetu watu kumi hawakosekani. Waanze na nyumba ambayo mtoto wake ametoka wodini.

Sisi nasi tutaendelea kuuliza. Ukimleta mtoto wa kifua, usishangae muuguzi akikuuliza analala chumba gani na ukuta wake ukoje. Tutakupa dawa kama kawaida, kisha tutakuomba ukazunguke nyumba siku ya mvua, uone maji yanakokwenda.